Gemu langu la tembo na walinzi: walinzi wanashinda mno, nipunguze kete au shida iko kwenye sheria?

Chalii wa Sakina

Wakuu habari za jioni. Kuna gemu la ubao nimelibuni, tunacheza na washkaji hapa Arusha karibu kila jioni hasa baridi hii ya mwezi wa saba ambapo hakuna mtu anataka kutoka nje, sasa nimefika mahali nimekwama nikaona nilete humu maana najua kuna watu wa drafti, watu wa bao na wale wanaonunua magemu ya boksi.

Wazo lilitoka Siha kwa bibi, kule tembo wakishuka shambani ni usiku kucha makopo na tochi. Gemu ni la watu wawili, mmoja tembo mwingine walinzi, na hawafanani kwa kitu chochote.

Ubao ni miraba 7 kwa 7, nimechora kwenye boksi. Safu ya 1 juu kabisa ni msitu, tembo 3 wanaanzia hapo. Safu ya 7 chini kabisa ina punje 7 za mahindi, kila mraba punje moja, mahindi kweli sio mchoro. Walinzi ni vifuniko vya soda jumla 10, wanne wanaanza safu ya 6, sita wamelala kambini nje ya ubao. Tembo ndo anaanza. Zamu ya tembo unasogeza tembo mmoja mraba 1 au 2, kwa kunyooka tu, hakuna mshazari, haruki mtu, na akifika kwenye punje anaila anasimama hapo. Zamu ya walinzi unachagua kimoja: unaamsha mlinzi unamuweka mraba wowote wazi wa safu ya 6, au unasogeza mlinzi mmoja mraba mmoja kwa kunyooka, au unaweka pilipili. Pilipili ziko 3, (wa shamba wanaijua ile kamba inayopakwa pilipili na oili chafu) zinawekwa popote palipo wazi ila sio juu ya punje, ikishawekwa haitoki na tembo hapiti. Mlinzi anaruhusiwa kusimama juu ya punje. Kupitisha zamu hakuna.

Tembo anashinda akila punje 4. Walinzi wanashinda wakiwafungia tembo wawili wasiweze kusogea, anayefungiwa anatolewa. Hakuna kula mlinzi wala kuua tembo.

Sasa kwenye daftari tuna mechi 20, walinzi wameshinda 14 na tembo 6. Nataka nipunguze walinzi kutoka 10 mpaka 8. Itatosha? Au niende 7 kabisa?

Dada wa Hesabu

Kabla hujapunguza mtu hebu tulia kwanza. Mechi 20 ni chache. Hata ukirusha shilingi mara 20, kupata upande ule ule mara 14 au zaidi kunatokea karibu mara 6 katika kila 100, na kama hujachagua upande mapema, yaani upande wowote ule, ni karibu mara 12 katika 100. Kwa hiyo hiyo 14 kwa 6 peke yake inanusa tu, haijathibitisha chochote.

Alafu nina maswali. Nani huwa anakaa upande gani? Kama mkali wenu anapenda walinzi basi daftari linapima yeye, halipimi gemu. Na mechi zimepangwaje, za mwanzo nani alishinda na za mwisho nani? Jumla inaficha vitu. Gawa daftari katikati utuambie.

Chalii wa Sakina

Dada umenipata hapo kwenye kugawa. Kumi za kwanza ni 5 kwa 5. Kumi za mwisho walinzi 9 tembo 1. Kuna dogo wa mtaani alianza kuja kati kati hapo na staili yake, hamfukuzi tembo hata kidogo, anaamsha watu anawapanga tu, na sasa hivi kila mtu amemuiga. Upande tunapokezana kwa hiyo sio swala la mkali.

Mzee wa Drafti, Moshi

Kijana nimesoma sheria zako nikazipanga hapa kijiweni kwa vifuniko, tukazicheza na wenzangu mpaka kahawa ikapoa. Huyo dogo wenu hana staili, ameona tundu.

Ubao wako una njia 7 za kushuka. Tembo haendi mshazari na haruki. Maana yake kila njia ikiwa na mlinzi mmoja, na walinzi wa njia mbili jirani hawajapishana zaidi ya mraba mmoja kwenda juu au chini, tembo hapiti, sio leo sio kesho. Watu 7 wanatosha na wewe umempa 10. Hesabu mwenyewe: wanne wako safu ya 6 tayari, tembo anahitaji zamu tatu kufika safu ya 7 hata kama njia ni nyeupe, na katika hizo zamu walinzi wanaamsha mmoja mmoja mbele yake. Anafika anakuta mlango umefungwa.

Na hawaishii kufunga. Ukuta unapanda. Leo mlinzi wa njia ya 1 anapanda mraba mmoja, zamu nyingine wa njia ya 2, taratibu hivyo hivyo, wale wa akiba wanaamshwa nyuma, mwisho tembo wote wako msituni wamebanwa na walinzi wa akiba wanaingia kuziba pembeni. Inachukua muda mrefu na inachosha, lakini tembo hana la kufanya. Kwa hiyo swali lako la 10 au 8 au 7 halina maana bado, zote tatu ukuta unasimama.

Chalii wa Sakina

Shikamoo mzee wangu. Dah. Nimekaa na hili gemu miezi nikijua shida ni namba. Kwa hiyo nishuke 6? Njia 7 watu 6, ukuta haukamiliki.

Mtoto wa Kiborloni

Hapo hapo mwanangu, weka 6 umemaliza. Mambo mengine ya nini.

Dada wa Hesabu

6 na pilipili 3 ni vitu 9 vya kuziba njia 7. Bado mnaziba na viwili vinabaki.

Mtoto wa Kiborloni

Sawa basi walinzi 4 pilipili 3, jumla 7 kamili. Ukuta ukikamilika hakuna wa akiba, na kwa kuwa kupitisha zamu hakuna, itabidi amsogeze mtu wa ukutani na hapo ndo tembo anapenya. Hiyo kitu ni tamu kweli, walinzi wanajimaliza wenyewe.

Mzee wa Drafti, Moshi

Hajimalizi mtu. Ukuta wote uko safu ya 6, tuseme. Zamu yangu mlinzi wa njia ya 4 anarudi nyuma anakanyaga punje safu ya 7. Tembo anaona nafasi anaingia pale safu ya 6 njia ya 4. Kulia kwake mlinzi, kushoto mlinzi, chini yule aliyerudi. Ameingia mfukoni tu. Zamu inayofuata namsogeza mwingine, wa njia ya 6 anapanda safu ya 5, kisha anarudi. Naweza kukaa hivyo mpaka Krismasi. Mlinzi akicheza ndani ya njia yake mwenyewe ukuta haufunguki. Pilipili zikikaa safu ya 6 ni hivyo hivyo. Zingekuwa jumla 6 ndio pengo lingekuwepo siku zote, ila walinzi wanne na pilipili mbili sioni watamfungia nani.

Kete na Kahawa

Nimefurahi kuona uzi wa hivi humu. Mkuu gemu lako lina ndugu wengi duniani na ni vizuri uwaone.

Bagh Chal ya Nepal: chui wakubwa 4 (tigers sisi hatuna) na mbuzi 20, ubao wa nukta 25. Chui wakila mbuzi 5 wameshinda, mbuzi wakiwafungia chui wote wanne wameshinda. Sikiliza tofauti sasa: chui ANARUKA mbuzi akiwa hana mwenzake nyuma yake. Kwa hiyo ukuta wa mbuzi mmoja mmoja hauna maana, lazima mbuzi alindwe na mbuzi, au awe na ukingo nyuma yake. Watafiti waliupiga kwa kompyuta wakakuta pande zote zikicheza bila kukosea ni sare. Ila weka watu wapya mezani uone mbuzi wanavyochinjwa, maana kucheza mbuzi kunahitaji subira na chui anahitaji jicho tu. Usishangae mizani ya wanaoanza ikiwa tofauti na mizani ya wazoefu, ndo ile 5 kwa 5 na 9 kwa 1 yako, ingawa kwako kulikuwa na tundu pia.

Mwingine ni Tablut, ule Linnaeus (yule wa kuzipa mimea majina) aliuandika akiwa safarini Lapland 1732. Ubao 9 kwa 9, mfalme na watu wake 8 katikati, washambuliaji 16 pembeni. Humo mfalme akiwa mbali na ngome (ule mraba wake wa katikati) anakamatwa na watu wawili kama kete nyingine, akiwa kando ya ngome watatu, akiwa ndani ya ngome ndo wanne. Ilipotolewa kwa Kiingereza 1811 sheria hiyo ikaingia vibaya, watu wakawa wanacheza mfalme lazima azungukwe na wanne popote alipo, na mfalme wa hivyo hakamatiki kirahisi. Kete ni zile zile 8 kwa 16, hakuna aliyeongeza wala kupunguza. Sheria moja ya kukamata ndo imegeuza gemu lote.

Kwa hiyo ushauri wangu usiguse namba. Mpe tembo kitu cha kumfanyia mlinzi. Na kwa vile hutaki damu, mpe kusukuma: tembo akigusana na mlinzi na mraba wa nyuma ya mlinzi ukiwa wazi, anamsukuma mraba mmoja na yeye anachukua nafasi yake, zamu imeisha. Pilipili haisukumwi.

Chalii wa Sakina

Hii nimeipenda sana maana tembo kweli ndo anafanya hivyo, hamli mtu anamtoa njiani. Naijaribu leo leo.

Dada wa Hesabu

Kabla hujaenda, kusukuma hivyo hakutoshi. Ukuta uko safu ya 6, tembo anamsukuma mlinzi mmoja mpaka safu ya 7. Basi. Nyuma ya huyo mlinzi sasa ni mwisho wa ubao, hakuna mraba wazi, hasukumiki tena. Kulia na kushoto kwa tembo walinzi wamebanana kwa hiyo hawasukumiki nao. Tumerudi kwenye ule mfuko wa Mzee. Lazima uandike nini kinatokea mlinzi akisukumwa ukingoni.

Kete na Kahawa

Sawa kabisa, akisukumwa nje ya ubao amekimbia, anarudi kambini kulala. Wanaweza kumuamsha tena ila inawala zamu.

Mzee wa Drafti, Moshi

Hiyo ni nzuri na inachekesha. Sasa andika pia kwamba kufungiwa ni kutoweza kusogea WALA kusukuma, vinginevyo mtagombana. Na jambo moja hamjaligusa, tembo akizibwa na tembo mwenzake inahesabika kafungiwa? Sisi hapa tumegombana nusu saa juu ya hilo. Mimi nasema inahesabika, kupanga watu wako vibaya ni kosa lako.

Chalii wa Sakina

Inahesabika mzee, naandika hivyo. Narudi na majibu.

---

Haya wakuu nimerudi. Tumecheza wiki nzima kwa sheria mpya na sasa hivi gemu limepinduka kichwa chini. Ukuta umekufa kabisa, dogo amenuna. Lakini sasa tembo ndo anashinda karibu kila mechi. Kinachotokea anachagua njia moja, anasukuma wa kwanza, anasukuma tena yule yule mpaka kambini, anakula punje, halafu ameshaingia safu ya 7 ndani ya nyumba, anatembea pembeni anakula moja moja. Walinzi wakija kumzuia anawasukuma kama magunia. Walinzi wanaofanikiwa ni wale wanaotunza pilipili mpaka tembo aingie halafu wanamziba nayo humo humo ndani, hiyo imekuwa raha sana kuiangalia kwa kweli, mwanzoni pilipili zilikuwa mapambo tu.

Sasa nifanyeje, niongeze walinzi 12? Nipunguze tembo wawe 2?

Mtoto wa Kiborloni

Achana na namba, chezeni nyumbani na ugenini. Mechi ya kwanza mimi tembo wewe mlinzi, ya pili tunabadilishana, tunahesabu punje zilizoliwa kwa jumla. Hata tembo akiwa na nguvu mara kumi, wote mmempata mara moja moja. Mnahangaika bure.

Dada wa Hesabu

Kwa mashindano naunga mkono, hakuna anayeonewa. Lakini haikuambii gemu lina afya au lina ugonjwa. Kwa sheria zile za kwanza, watu wawili wanaojua ukuta wangetoka 0 kwa 0 milele, haki tupu na hakuna mchezo. Alafu inakula muda mara mbili.

Mgeni wa Njiro

Naingilia kidogo. Mimi ninayo Root, gemu la boksi, ile ya 2018 ya Cole Wehrle, na watu wanailalamikia hivyo hivyo kwamba kundi fulani lina nguvu. Boksi la kwanza lina makundi manne, paka, ndege, muungano wa wanyama wa msituni na mzururaji anayetembea peke yake, kila mmoja anapata pointi kwa njia yake na wa kwanza kufika 30 kashinda. Ila pale mezani mko watatu au wanne, anayetangulia wote mnamgeukia, kwa hiyo wachezaji wenyewe wanarekebisha. Meza ikilala basi kuna kundi linapeta. Gemu la watu wawili halina hiyo bahati mkuu, hakuna wa tatu wa kumvuta shati anayeongoza, kila kitu lazima kiwe kwenye sheria.

Dada wa Hesabu

Mgeni wa Njiro kasema kweli, na ndo maana kwenye magemu ya watu wawili mara nyingi wanaacha wachezaji wenyewe wapige bei. Kwenye Go, ule mchezo wa ubao wa kete nyeusi na nyeupe, anayeanza na nyeusi ana faida, kwa hiyo mweupe anapewa pointi za fidia, 6.5 kwa sheria za Japani, 7.5 kwa za China, na hiyo nusu ipo ili sare isiwepo. Kwenye Hex, gemu lingine la ubao la watu wawili, mmoja anaweka kete ya kwanza na mwingine anaamua kama anachukua upande huo au la, kwa hiyo wa kwanza anaogopa kuanza vizuri kupita kiasi.

Wewe Chalii una kipimo tayari mkononi na hukioni: punje. Fanyeni mnada. Wa kwanza anasema "nitakuwa tembo kwa punje 4." Mwenzake ama anakubali kuwa mlinzi, ama anasema "mimi kwa 5." Mnapanda hivyo mpaka mmoja anyamaze. Aliyetaja kubwa ndo tembo na lazima ale hizo alizotaja. Huhitaji kujua namba sahihi ni ipi, watu watakuambia wenyewe kwa midomo yao. Baada ya muda angalia kwenye daftari mnada unaishia wapi. Ukiona wote wanafika 7 na tembo bado anashinda, hapo ndo uongeze pilipili ya nne, na uongeze hiyo TU. Usiongeze pilipili na kupunguza tembo wiki moja halafu utuulize ni kipi kimefanya kazi.

Kete na Kahawa

Mnada safi. Na wanaoanza waache kwa 4 bila mnada, wasichoshwe kabla hawajala hata punje moja.

Chalii wa Sakina

Tumepiga mnada jana na leo. Mechi nyingi zinaishia 5, dogo peke yake ndo anasema 6 kwa kiburi na ameshapigwa mara kadhaa, ila pia ameshinda, tena moja alikula ya sita akiwa amebaki na tembo wawili. Sitabadilisha kitu kwa sasa, naandika tu daftarini.

Mzee wangu, Jumapili nakuja Moshi kwenye msiba, nikipata nafasi nitapitia hapo kijiweni na ubao.

Mzee wa Drafti, Moshi

Poleni na msiba. Karibu, ila usije na boksi, njoo na vipimo kuna fundi hapa Pasua atatukatia mbao.

Halafu swali. Umeandika pilipili haiwekwi juu ya punje. Punje ikishaliwa ule mraba umekuwa wazi. Naruhusiwa kuweka pilipili pale? Maana jana nimemziba nayo tembo safu ya 7 kati ya pilipili mbili na mwenzake juu yake, jamaa amegoma kumtoa.

Chalii wa Sakina

Kwa nilivyoandika inaruhusiwa mzee, palipo wazi ni pa wazi. Amtoe.

Mtoto wa Kiborloni

Jamaa mwenyewe ni mimi na bado nagoma. Kama mahindi yameshaliwa pale mlinzi analinda nini?